Kuna nini cha kutazama kando ya Mto Kamo? Jibu kwa mwanafunzi aliyeko Kyoto

Msomaji wetu anaandika: "Shikamoo mwalimu. Nimefika Kyoto mwezi wa Oktoba kusoma shahada ya uzamili. Kila Mjapani ninayemuuliza nifanye nini siku ya mapumziko ananiambia nikatembee kando ya Mto Kamo. Jumapili iliyopita nilitembea kutoka daraja la Shijo hadi Demachiyanagi, nikatumia dakika arobaini. Niliona maji machache, majani makavu na watu waliokaa. Wenzangu wanasema wao humaliza nusu siku huko. Wanatazama nini ambacho mimi sikioni?"

Marahaba, binti yangu. Novemba ndiyo inaisha, kwa hiyo kabla ya yote tafuta soksi nene. Mimi nilikwenda mji huo kusomea uhandisi wa mito, nikakaa miaka mitano, chumba changu kikiwa mwendo wa dakika tatu kutoka daraja la Marutamachi. Mto Kamo nimeutembea kwenye mvua, kwenye theluji, na usiku wa kuamkia mtihani nilipokosa usingizi. Swali lako limenigusa, na nitalijibu kama mtu wa maji.

Nadhani uliutazama mto kama watu wanavyotazama mandhari: kwa mbali, wote kwa pamoja, ukingoja ukuoneshe kitu. Kamo hauna kikubwa cha kukuonesha. Mwezi huu maji yake sehemu nyingi hayavuki vifundo vya miguu. Lakini karibu kila kitu kidogo kilichomo, jiwe, kizingiti, nguzo, fungu la mchanga, kiko pale kwa sababu mtu alikiweka au alikubali kukiacha. Ukishaijua sababu, miguu inasimama yenyewe. Dakika arobaini zako mimi nilikuwa nazimaliza kati ya daraja moja na jingine.

Jumapili ijayo anzia juu. Panda treni ya chini ya ardhi, njia ya Karasuma, ushuke Kitayama, utembee kuelekea magharibi mpaka ukutane na mto. Fika saa sita mchana, maana siku hizi jua la huko linazama kabla ya saa kumi na moja. Kutoka hapo shuka na maji hadi daraja la Sanjo. Ni kama kilomita tano tu. Jipe saa nne.

Kabla ya hatua ya kwanza, simama juu ya daraja la Kitayama usikilize. Utasikia maji yakivuma kwa mbali, kama mvua inayokuja kwenye migomba. Mto wenye maji ya vifundoni unapiga kelele hizo kwa nini? Kusini mwa stesheni kuu ya Kyoto kuna hekalu la Toji, lenye pagoda ya mbao ya ghorofa tano, urefu wake kama mita 55. Wenyeji husema ncha ya pagoda hiyo iko usawa mmoja na barabara ya Kitayama unaposimama wewe. Ukilinganisha vipimo vya ardhi, hawajakosea. Mji mzima umelala kama paa, na huhisi mteremko kwa sababu unatembea kwenye lami. Maji yanauhisi. Mto wa kilomita kama 31 unaotoka milimani na kuanguka hivyo katikati ya mji, ukiachwa huru utachimba sakafu yake, utakula kingo, utabeba nyumba. Ndiyo maana kila baada ya mwendo fulani wahandisi wamelaza kizingiti cha zege kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yanatulia nyuma ya kizingiti kama kioo, kisha yanadondoka hatua moja, yanatulia tena, yanadondoka tena. Wewe ulikuwa unapita kando ya ngazi bila kujua kwamba ni ngazi. Kwa kuwa safari hii utashuka, vizingiti utavisikia kabla ya kuviona. Ukifika kwenye kila kimoja, kipite kidogo halafu ugeuke nyuma. Kamwe usiache kugeuka.

Kushoto kwako, nyuma ya paa za nyumba, utaona mlima mpana wenye kilele kilichochongoka. Huo ni Hiei, mita 848. Kaizari Shirakawa, aliyeitawala Japani mwishoni mwa karne ya 11 na kuendelea kuwa na nguvu hata baada ya kuachia kiti, anakumbukwa kwa kusema kwamba mambo matatu tu ndiyo yaliyomshinda: maji ya Mto Kamo, dadu za mchezo, na watawa wapiganaji wa Mlima Hiei. Watawa wametulia, na dadu sijui nani anazicheza leo. Maji bado ni kazi ya kila mwaka.

Tembea ukingo wa mashariki, ule uliopakana na Bustani ya Mimea ya Kyoto iliyofunguliwa mwaka 1924. Kijia hicho kinaitwa Nakaragi, na kina urefu wa mita kama 800 hadi daraja la Kitaoji. Miti iliyokiinamia ni micheri ya matawi yanayoning'inia, na Aprili inakuwa dari ya maua ya waridi. Mwezi huu ni matawi matupu, pita tu. Ila ukipata matone ya mvua usoni huku jua linawaka mbele yako, usikimbie. Hiyo ni shigure, mvua fupi ya mwanzo wa majira ya baridi inayoteleza kutoka milima ya kaskazini. Inanyesha dakika chache, inakatika, inarudi. Kwa kuwa jua liko kusini na mvua iko kaskazini, geuka nyuma: mara nyingi kuna upinde wa mvua umekaa juu ya mto wenyewe. Niliwahi kuona pinde mbili siku moja, na mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akavua kofia.

Kuanzia Kitaoji tazama majini. Bata wa majira ya baridi wamekwisha kufika kutoka kaskazini, na kuna jambo la jina hapa ambalo nililipenda tangu siku ya kwanza. Neno "kamo" kwa Kijapani ni bata. Chini ya mji, jina la mto huandikwa kwa herufi ya bata. Huku juu, watu wa Kyoto wanaliandika kwa herufi nyingine mbili, zile za ukoo wa kale wa Kamo wenye mahekalu yao ya Kamigamo na Shimogamo. Matamshi ni yale yale, mto ni ule ule, ila wenyeji wanabadilisha maandishi pale mito miwili inapokutana. Soma vibao vya madaraja ukipita. Kwa mwanafunzi anayehangaika na herufi za Kijapani, ni zoezi zuri kuliko kitabu.

Sasa ndege wakubwa. Korongo wa kijivu utamkuta chini ya kizingiti, peke yake, hatikisiki. Hakuchagua mahali hapo kwa uzuri wake. Samaki wanaotaka kupanda wanakwama chini ya ngazi na kujikusanya, naye anajua. Yangeyange mdogo mweupe anawinda kwa njia tofauti kabisa, na huyu ndiye ninayekuomba umpe dakika kumi kamili. Miguu yake ni myeusi lakini vidole ni vya manjano, kana kwamba amevaa soksi. Ananyoosha mguu mmoja mbele, anautetemesha kwenye changarawe, samaki wadogo wanatoka mafichoni, anadokoa. Anapiga hatua, anatetemesha tena. Ukishamwona akifanya hivyo, utawatambua yangeyange wa namna hiyo popote watakapokuwa.

Samaki hao, wengine ni ayu. Maisha yake ni mwaka mmoja. Vuli anashuka kutaga mayai kwenye changarawe, kisha anakufa. Vitoto vinachukuliwa na maji hadi Mto Katsura, kutoka huko hadi Mto Yodo, hadi Ghuba ya Osaka, na majira ya kuchipua vinarudi kupanda. Fikiri basi: vizingiti vyetu sisi wahandisi, vinavyookoa mji na mafuriko, kwa ayu ni kuta. Siku hizi kila mwaka wavuvi na wenyeji huweka ngazi za muda za mbao na mawe kwenye baadhi ya vizingiti ili samaki wapite. Nimeshika mbao hizo kwa mikono yangu, na sijawahi kufanya kazi ya uhandisi iliyonifurahisha zaidi, ingawa haikuhitaji hesabu yoyote.

Ukiendelea kwenye ukingo huo huo wa mashariki utafika mahali ambapo ardhi inaisha chini ya miguu yako kama ncha ya mkuki. Kulia kwako Kamo, kushoto kwako Mto Takano, na mbele yako inakuwa mto mmoja. Vijana wanapaita Delta. Wewe uliishia hapo Demachiyanagi, upande wa pili, ukageuka kurudi. Safari hii kaa.

Mistari ya mawe inavuka mito yote miwili. Ni mawe makubwa ya kuvukia, na baadhi yamechongwa umbo la kobe, mengine umbo la chidori, ndege mdogo wa ufukweni anayeimbwa sana katika mashairi ya Kijapani. Watoto wanayapenda kobe. Mimi nakuomba uchungulie chini ya kobe: mawe yamekalia mkanda wa zege uliolazwa sakafuni ili maji yasichimbe. Mkanda ulihitajika hata kama hakuna mtu angevuka. Mtu fulani mezani akafikiri kwamba kama ni lazima tulaze zege, basi watoto na waruke juu yake. Katika kazi yetu mawazo kama hayo ni machache, na mara nyingi huambiwa ni gharama zisizo na lazima.

Keti utazame wanaovuka. Nafasi kati ya jiwe na jiwe si sawa, na pana zaidi inawalazimisha watu wazima waruke kweli. Tazama mzee anavyosimama mbele ya nafasi hiyo, anaipima, anavuta pumzi. Tazama watu wawili wanapokutana katikati kutoka pande tofauti: bila neno, mmoja anabaki juu ya kobe, ambako pana nafasi ya miguu minne, anainamisha kichwa, mwenzake anapita. Nimekaa hapo alasiri nzima na sikuona mtu akigombania jiwe.

Ukiona njaa, vuka kwenda magharibi. Karibu na hapo kuna duka la Demachi Futaba, lililoanza mwaka 1899, na utalitambua kwa foleni. Wanachouza ni mochi laini ya mchele wa kunata, yenye njegere nyekundu zilizokolea chumvi kwenye ngozi yake na maharage matamu yaliyopondwa ndani. Chumvi na sukari kwa pamoja, kama sisi tunavyokula embe bichi na chumvi. Inunue, lakini usiile ukiwa mahali pa wazi kando ya mto. Juu yako wanazunguka mwewe, ndugu wa karibu wa hawa wetu wanaobeba vifaranga, nao wamejifunza kwamba binadamu wa Delta ana chakula mkononi. Wanashuka kutoka nyuma, kimya. Nilimwona mwewe akichukua mkate mkononi mwa mtoto bila kumgusa hata kidole, na mtoto alibaki na mkono juu kama anayetaka kujibu swali darasani. Kula ukiwa chini ya mti au umeegemea nguzo ya daraja.

Kuna mkazi mmoja wa mto huu ambaye pengine hutamwona. Ni salamanda mkubwa, mnyama wa majini mwenye ngozi ya mabaka, anayeweza kupita mita moja kwa urefu. Mchana analala chini ya mawe na mashimo ya ukingo. Mara chache, baada ya mvua kubwa, watu huamka wakamkuta amesukumwa hadi kwenye kijia cha wapita njia, ametulia kama gunia. Japani ilimwekea ulinzi wa juu kabisa wa kisheria mwaka 1952. Katika Kamo kuna huzuni ndani yake: salamanda wa China walioletwa wakachanganyika na wa Kijapani, na sasa wengi wanaopatikana mtoni ni chotara. Ukibahatika kumwona, usimguse, na usimsogelee mdomo.

Kutoka daraja la Kamo hadi Marutamachi kazi yako ni masikio. Chini ya madaraja utasikia tarumbeta, tromboni, wakati mwingine mtu anayerudia mstari mmoja wa wimbo mara thelathini. Nyumba za Kyoto zimebanana na kuta zake ni nyembamba, kwa hiyo wanafunzi wa muziki wanakuja kufanya mazoezi mtoni, na daraja linawapa mwangwi. Usiwapigie makofi, hawapo jukwaani. Pita taratibu tu. Na ng'ambo ya pili, upande wa mashariki wa eneo hilo, kipo kituo cha taaluma za Afrika cha Chuo Kikuu cha Kyoto, ambako watafiti wengi wamefanya kazi zao Tanzania na Kongo. Usishangae ukisikia "habari za leo" kutoka kwa Mjapani mwenye baiskeli. Mimi lilinitokea wiki ya pili, nikiwa na upweke kama huo ninaoubaini katika barua yako, na nikakaa chini kwenye majani.

Mafungu ya mchanga nayo yaangalie. Yakiachwa, yanaota magugu, yanakuwa visiwa, na siku ya mafuriko yanaziba njia ya maji. Kwa hiyo mkoa unayaondoa kwa mashine, lakini hauondoi yote, maana ndege wanahitaji mahali pa kujificha. Utaona fungu limenyolewa nusu na nusu limeachwa na manyasi ya susuki yenye vichwa vyeupe. Mstari huo wa katikati uliamuliwa kwa mabishano marefu. Wewe uliyetoka Dar es Salaam unalijua bonde la Msimbazi. Hutahitaji kuambiwa kwa nini watu wanabishana juu ya mchanga.

Mabishano hayo yana kumbukumbu nyuma yake. Juni 1935 mvua ilinyesha, Kamo ukafurika na kuzoa madaraja mengi ya mji, likiwemo la Sanjo. Baada ya hapo ndipo sakafu ilipochimbwa chini zaidi na mto kupanuliwa, ukawa huu unaouona, uliozama ndani ya kuta zake. Ukishuka ngazi kutoka barabarani kwenda kwenye kijia, urefu huo unaoshuka ni nafasi waliyoyaachia maji. 

Ukilipita daraja la Nijo, hakikisha uko ukingo wa magharibi. Hapo utaona kijito chembamba kinachotembea sambamba na mto, kati yako na migahawa. Kinaitwa Misosogi, na wengi wanakipita wakidhani ni mtaro. Maji yake yamechotwa Kamo, yakapewa njia yao wenyewe kwa jambo moja zuri sana: kuanzia Mei migahawa inajenga roshani za mbao juu yake, watu wanakula jioni huku maji yakipita chini ya miguu yao na kupoza hewa. Desturi hiyo, inayoitwa yuka, ina mizizi katika enzi ya Edo, kati ya karne ya 17 na ya 19. Kiangazi cha Kyoto ni kizito, mji umezungukwa na milima pande tatu na upepo hauingii. Utaniamini mwezi wa Julai. Sasa roshani zimeshavunjwa, na ndiyo maana uliona majengo tu. Tazama tena: milango mipana inayofunguka hewani, bila ngazi wala kizuizi. Misosogi hiyo hiyo inalisha pia mfereji wa Takase, uliochimbwa na mfanyabiashara Suminokura Ryoi kati ya 1611 na 1614 ili mashua za chini bapa zilete kuni, mchele na chumvi hadi katikati ya mji. Mashua zilifanya kazi hadi mwaka 1920.

Sanjo ndiyo mwisho wa safari yako, na ndiyo ulikuwa mwisho wa barabara kuu ya Tokaido, vituo 53 kutoka Edo, ambayo leo ni Tokyo. Mtawala Toyotomi Hideyoshi alilijenga daraja hili upya kwa nguzo za mawe mwaka 1590. La leo ni la 1950, zege chini na mbao kwenye kingo, lakini vichwa vya shaba juu ya nguzo za ukingo vingi ni vya zamani. Upande wa kusini, karibu na mwisho wa magharibi, tafuta kichwa chenye jeraha jembamba. Wanasema ni upanga, usiku wa mapambano ya nyumba ya wageni ya Ikedaya mwaka 1864. Weka kidole. Wengi wameweka kabla yako, shaba imekuwa laini.

Kisha inamia ukingo wa daraja utazame kusini, kuelekea Shijo. Wale "watu waliokaa" uliowaona, wahesabu. Ni wawili wawili, wameketi ukingoni wakitazama maji, na nafasi kati ya jozi na jozi karibu inalingana. Wa kwanza wanakaa popote, wanaofuata wanakaa katikati ya nafasi kubwa iliyobaki, na hivyo hivyo mpaka ukingo unajaa kwa vipimo kana kwamba mtu amepita na kamba. Wenyeji wamelipa jambo hilo jina la kanuni, na kuna watafiti waliolipima. Ukingo huo zamani ulikuwa ardhi isiyo na mwenyewe, mafuriko yaliifuta kila mara, kwa hiyo ilikimbiliwa na wasio na mahali kwingine: wachinjaji, watengeneza bustani, wacheza ngoma. Mwaka 1603 mwanamke aitwaye Okuni alicheza hapo ngoma zilizokuja kuwa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Sanamu yake iko karibu na daraja la Shijo, ng'ambo ya barabara kutoka ukumbi wa Minamiza. Ulipita mbele yake Jumapili.

Hapo itakuwa yapata saa kumi na robo. Usiondoke. Shakwe weupe uliowakuta juu ya maji, yurikamome, wanatoka Kamchatka, na walianza kuja Kyoto Januari 1974 tu. Si wengi kama miaka ya 1980, lakini wapo. Mchana wanashinda mtoni wakipiga kelele. Usiku wanalala Ziwa Biwa, nyuma ya milima ya mashariki. Simama katikati ya daraja. Wakati fulani kelele zitapungua, na kundi litaanza kupanda likizunguka, duara juu ya duara, mpaka tumbo zao zishike jua ambalo wewe chini huna tena. Halafu duara linafumuka na wanaelekea mlimani. Inachukua dakika chache, na watu wengi darajani watakuwa wanatazama simu zao.